Baba Anataka Tuunde Mashine ya Ufukweni

Barua iliyonishika wiki hii imetoka kwa binti wa Mtwapa. Baba yake ni fundi wa kuchomelea, mtu wa mageti na madirisha. Hoteli moja imemwuliza kama anaweza kuunda mashine ya kusafisha ufuo, ya kuvutwa na trekta. Baba halali kwa furaha, kaka zake wawili ndio usiseme, na sasa wanamtaka binti aache kazi yake ya uhasibu "aje asaidie nyumbani". Ananiuliza: Dada, niende?

Mpenzi, kazi hiyo ipo, na kuna familia inayoishi kwayo. Kule Naugatuck, jimbo la Connecticut, Marekani, kina Barber wanaunda mashine hizi tangu miaka ya 1960. Kubwa yao inaitwa Surf Rake. Ina mkanda unaozunguka, wenye mamia ya meno ya chuma kisichoshika kutu. Meno yanachana mchanga, yanainua vizibo, vipande vya sigara na mwani na kuvitupa kwenye sanduku la nyuma, huku mchanga ukipenya katikati yake na kurudi chini. Wanayo na ndogo, Sand Man, ambayo mtu huiongoza akitembea nyuma yake. Hiyo huchekecha mchanga kama unga.

Sasa mwambie baba: chuma cha geti hakifai. Chumvi itakula beringi na cheni kabla hoteli haijamaliza kulipa. Meno nayo hupinda na kuchakaa, kwa hiyo mpange bei ya vipuri na matengenezo tangu leo, maana mashine inauzwa mara moja, meno yanauzwa kila mwaka. Na mwulizie kasa. Mayai yao hukaa mchangani karibu miezi miwili, na trekta ikipita juu inayakandamiza. Kiota kiwekewe alama, dereva akizunguke. Hilo nakuomba kwa moyo wote.

Nimesoma barua yako mara tatu, na kila mara nakwama kwenye neno "asaidie". Mimi nilishika daftari dukani kwa mjomba miaka mitatu. Binamu zangu wa kiume walilipwa kila Jumamosi jioni, noti zikihesabiwa juu ya kaunta mbele yangu. Mimi nikipewa soda na dua. Nilipoomba mshahara, mjomba aliniuliza, "Kwani hapa hulali, huli?" Nilinyamaza, kwa sababu hatukuwa tumeandika chochote.

Kampuni ya kule Marekani inaitwa H. Barber & Sons, yaani Barber na wanawe wa kiume, na unasema baba naye anataka kibao cha "na Wanawe". Vizuri sana. Kwa Kiswahili wana ni wote, wa kiume na wa kike, basi na wewe umo. Kabla kibao hakijapakwa rangi, kaeni chini, muandike: mshahara wako kiasi gani, fungu lako la faida asilimia ngapi, nani anatia saini benki. Kaka zako waandikiwe vilevile, na mama awe shahidi.

Kazi yako usiiache bado. Shika hesabu za karakana jioni na Jumamosi, mpaka hoteli itoe malipo ya awali na mashine ya kwanza ijaribiwe mchangani. Baba akikataa kuandika, niletee barua nyingine.