Dondoo muhimu: Kushuka Kitonga kwa baiskeli mkiwa wawili, mmoja akiwa na hofu

Mlima Kitonga, kati ya Ilula na Ruaha Mbuyuni mkoani Iringa, una kona kali, mwamba upande mmoja na bonde upande wa pili, na malori ya Zambia hupita hapo usiku na mchana. Kabla ya kushuka, simameni mkubaliane kwamba mwenye hofu ndiye atakayetangulia, na mwendo wake ndio mwendo wa safari. Akiachwa nyuma, ama atamkimbiza mwenzake au atang'ang'ania breki mteremko mzima. Raba za breki zikibana rimu mfululizo, rimu hupata moto na tyubu inaweza kupasuka. Kwa hiyo bana, achia, bana tena, mbele na nyuma kwa pamoja. Vidole vikianza kufa ganzi, tokeni kabisa barabarani mpumzike.

Wapo watakaosema kuitaja hofu ni kuiambukiza. Sidhani. Hofu iliyofichwa hujitokeza mikononi, mabega yamekakamaa na usukani unatetema, wakati mwenzako hawezi tena kukusaidia. Ikisemwa juu ya mlima, bado kuna nafasi ya kupanga. Wengine watalalamika kwamba mwenye hofu huchelewesha. Ni kweli, huchelewesha. Lakini vitunguu mnavyovifuata Ruaha Mbuyuni havikimbii. Na lori likiharibika konani, shukeni mkokote baiskeli, mmoja nyuma ya mwingine.

Kagueni raba za breki kabla ya kuondoka Ilula.