Kujifunza Mlimani: Ziara ya Ol Doinyo Lengai na Andalio la Somo la Volkano

Utangulizi

Walimu wengi wa shule za msingi hufundisha habari za volkano kwa kuchora pembetatu ubaoni, kuipasua kwa mstari katikati, na kuwataka watoto wanakili. Watoto hunakili vizuri. Lakini waulizwapo lava ni nini, wako wanaojibu kwamba ni mstari mwekundu. Kosa si lao. Mwalimu asiyepata kuliona jambo hulifundisha kwa maneno matupu, na maneno matupu hayakai kichwani.

Kwa sababu hiyo sisi wakufunzi tuliongozana na kundi dogo la wanachuo kwenda kupanda Ol Doinyo Lengai, kusini mwa Ziwa Natron. Katika makala haya tutaeleza tuliyoyaona, kosa tulilolifanya, na somo lililopatikana.

Mlima wenyewe

Jina lake kwa Kimasai maana yake ni Mlima wa Mungu, na wenyeji huuheshimu kama mahali pa ibada. Kimo chake ni mita 2,900 na ushei. Mlima huu ndio volkano hai pekee ulimwenguni inayojulikana kutoa lava iliyojaa kabonati za sodiamu na potasiamu. Lava hiyo ina joto la nyuzi 500 hadi 600 za Sentigredi tu, ambapo lava nyingi za kawaida hupita nyuzi 1,000. Ni nyepesi, hutiririka kama maji ya matope. Inapotoka ni nyeusi au ya kahawia. Ikisha kupoa na kupata unyevu wa hewa, hugeuka nyeupe. Mgeni aliye mbali huweza kudhani ni theluji.

Mlima huu ulilipuka mwaka 1917, ukalipuka tena 1940 na 1966. Kuanzia 1983 lava ilitoka polepole, ikaijaza kasoko. Mnamo Septemba 2007, baada ya matetemeko ya ardhi, ulilipuka kwa nguvu. Milipuko iliendelea hata mwaka 2008. Majivu yakaangukia malisho, na kasoko ikabaki shimo refu. Tangu hapo lava imeanza tena kutoka chini ya shimo hilo.

Safari

Tulianza kupanda saa sita usiku, kwani mchana jua ni kali, hakuna kivuli wala maji njiani. Tuliongozwa na Wamasai wawili wa Engare Sero. Kila mmoja wetu alikuwa na maji, kurunzi, fimbo, viatu imara na nguo ya baridi. Mwinuko wa kupandwa ni zaidi ya mita 1,500, na sehemu za juu ni wima mno. Majivu hukatika chini ya mguu, ukipiga hatua mbili huteleza moja.

Katika azimio letu tulikuwa tumeandika: "Wanachuo wote watafika kileleni." Yapata saa tisa usiku mwanachuo mmoja alianza kuchechemea. Tulimhimiza ajikaze. Alijikaza, akaanguka mara mbili, wala hakulalamika, maana aliona aibu mbele ya walimu wake. Ndipo kiongozi mkubwa aliposimama, akatuambia kwa upole, "Mwalimu, mlima haukimbii. Huyu atashuka na mwenzangu." Tulitaka kubishana, alikwisha kugeuka. Tunakiri kwamba tulikuwa tunailinda karatasi yetu, yeye alikuwa anamlinda mtu.

Waliobaki walifika kileleni kabla ya jua kuchomoza. Tulisimama mbali na ukingo wa kasoko, kama tulivyoamriwa, kwa kuwa ukingo huo waweza kumeguka. Tulisikia mivumo kutoka chini na kunusa harufu ya kiberiti. Saa nne asubuhi tulikuwa tumekwisha kushuka.

Yule aliyerudishwa hakulala. Aliokota majivu ya zamani, akachora umbo la mlima kutoka upande wa kijiji, akawauliza wazee waliyoyaona mwaka 2007. Walimweleza jinsi majivu yalivyoharibu malisho, na jinsi watu walivyohama na mifugo yao.

Darasani

Baadaye wanachuo walifundisha darasa la tano. Mmoja wa waliofika kileleni alitumia dakika 40 kusimulia baridi, kuteleza na uchovu wake. Mwishoni aliuliza, "Tumejifunza nini?" Mtoto akajibu, "Mlima unachosha." Jibu lilikuwa sahihi kabisa, kwa kuwa hilo ndilo lililofundishwa.

Yule asiyefika alianza na kipande cha magadi, kitu ambacho watoto wamekiona jikoni maharage yanapopikwa. Tunaliandika hapa andalio lake:

1. Utangulizi: Watoto waitambue magadi na kusema inatumika wapi.
2. Jaribio: Magadi iliyosagwa itiwe katika kikombe, kisha ikamuliwe maji ya ndimu. Watoto waeleze wanachokiona kabla mwalimu hajaeleza neno.
3. Maelezo: Povu hutokana na gesi itokayo katika kabonati. Magadi na lava ya Lengai ni za jamii moja. Chini ya ardhi nako gesi husukuma lava juu. Ila huko haisababishwi na ndimu, bali huachana na miamba iliyoyeyuka kadiri mgandamizo unavyopungua.
4. Masimulizi: Habari za wazee kuhusu majivu na mifugo.
5. Mazoezi: Watoto wachore mlima na kuandika sentensi tatu.

Hatua ya tatu isirukwe. Mwalimu asipotenganisha mfano na jambo lenyewe, watoto wataondoka wakiamini kwamba mlimani kuna ndimu.

Tahadhari

Watoto wa shule ya msingi wasipelekwe kileleni. Wakiwa karibu na mlima, watazame kutoka mbali, waokote mawe, wawasikilize wazee. Mwalimu atakayepanda aulize hali ya mlima kwa viongozi wenyeji kabla ya kuondoka, na neno lao liwe la mwisho.

Tangu ziara ile, katika azimio letu hatuandiki tena mahali pa kufika. Tunaandika mwanachuo atakachoweza kukieleza akirudi.

Mazoezi kwa mwanachuo

(a) Chagua mlima, mto au shimo lililo karibu na shule yako. Andika kitu kimoja cha nyumbani kinachoweza kuanzisha somo lake.
(b) Taja mahali ambapo mfano wako hautafanana na jambo lenyewe, na namna utakavyowaeleza watoto.
(c) Mmoja wa watoto wako hawezi kwenda ziarani. Panga kazi yake, nayo iwe na thamani sawa na ya wenzake.