Rejesta ya miwa inasomeka, haiandikiki: nilivyoifungua

Msimu wa miwa ukikaribia hapa Turiani, kila mkulima wa nje ana swali moja: jina langu limo kwenye rejesta? Ushirika wetu ukaamua kutoa rejesta kwenye Excel na kuiingiza kwenye kanzidata. Kazi nikapewa mimi.

Nilitumia Base, iliyomo ndani ya LibreOffice. Ni ya bure, na kwangu inaishinda Access ya wizi inayouzwa kwenye flashi. Tena LibreOffice ni ndugu wa Jambo OpenOffice, ile ya Kiswahili iliyotoka Chuo Kikuu cha Dar es Salaam mwaka 2004.

Nilianza na njia rahisi: unaunganisha Base na faili la lahajedwali. Wakulima wa Mhonda, Diongoya na Kunke wakajipanga kwenye skrini. Katibu akafurahi: "Haya kijana, muingize na yule mzee wa Lukenge." Nabonyeza, wapi! Fundi mmoja akadai tupige Windows upya, kwa hela yake ya kawaida. Nikamwambia asante, mzee, pumzika.

Kompyuta haikuwa na ugonjwa wowote. Base ikiunganishwa na lahajedwali husoma tu, ndivyo ilivyoundwa. Dawa yake ni kutengeneza kanzidata nyingine, mpya, isiyounganishwa na chochote. Nakili data yote kwenye lahajedwali pamoja na vichwa vya safu, ukaibandike kwenye sehemu ya majedwali ya hiyo mpya. Litafunguka dirisha la maswali. Chagua kuleta muundo na data, kisha weka tiki kwenye kisanduku cha kuunda ufunguo wa msingi. Usikiruke! Jedwali lisilo na ufunguo Base haijui mstari upi ni wa nani, kwa hiyo linabaki la kusoma tu, na utarudi pale pale. Sisi tuna akina Juma Saidi wawili kijiji kimoja. Siku ya malipo ni namba ya ufunguo itakayowaamua. Safu ya simu iwe matini, sifuri ya mwanzo isipotee.

Mzee wa Lukenge akaingia. Katibu akaagiza soda.

Kisha hifadhi faili papo hapo, maana data mpya hukaa mahali pa muda mpaka uhifadhi. Yetu ya kwanza iliondoka na umeme, kwenye laptopu ambayo muuzaji wa mjini aliapa betri yake ni mpya. Ukienda kununua ya mtumba, chomoa chaja mbele yake, kaa kitini, uangalie saa.