Kugawanya Kazi ya Kusimba Video Baina ya Kompyuta Nyingi

Shule yenye chumba cha kompyuta kumi ina nguvu ambayo aghalabu hulala usiku kucha. Mwalimu akirekodi somo la saa moja, huenda kompyuta moja ikahangaika kwa saa tano kulisimba, ilhali zile tisa zimezimwa. Je, haziwezi kushirikiana? Zaweza. Lakini faida haitokani na wingi wa mashine peke yake. Hutegemea mahali tunapoikata kazi, na sehemu ya kazi isiyokubali kukatwa.

Kusimba video ni kuiandika upya kwa tarakimu chache zaidi. Picha moja yenye upana wa nukta 1920 na kimo cha nukta 1080 ina nukta 2,073,600. Kila nukta ikichukua baiti 3, na picha zikiwa 25 kwa sekunde, tunapata baiti 155,520,000 kila sekunde. Mtandao wa biti bilioni 1 kwa sekunde hauwezi kupitisha zaidi ya baiti milioni 125 katika muda huo. Kwa hiyo hatuzipelekei kompyuta picha ghafi. Tunazipelekea vipande vya faili la kamera, ambalo tayari limebanwa, na kila kompyuta hukifumbua kipande chake yenyewe.

Tukate wapi? Katika utaratibu wa kusimba uitwao H.264, ulioidhinishwa mwaka 2003, si kila picha huandikwa kwa ukamilifu. Picha kamili hutokea mara mojamoja. Zinazofuata huandika tofauti tu: mkono wa mwalimu umesogea, ubao haukubadilika. Picha ya tofauti ni kama barua inayoanza kwa maneno “kama nilivyokueleza jana”. Asiyeipata barua ya jana haambulii kitu. Hivyo hapana budi kila kipande kianze na picha kamili, wala kisitegemee picha yoyote iliyomo katika kipande kingine. Lakini picha kamili hula baiti nyingi, basi anayekata vipande vidogo mno huishia kuwa na faili kubwa kuliko lililohitajika. Kipande cha dakika moja hivi chafaa kwa somo la kawaida.

Sauti isikatwe. Kazi yake ni nyepesi, na maungio yake husikika upesi. Kompyuta moja iisimbe yote, kisha iunganishwe na picha mwishoni.

Kosa jingine la kuepukwa ni kukipa kila kipande idadi ileile ya biti kwa sekunde. Kipande chenye ubao uliotulia kitapewa kupita haja yake, na kile chenye jaribio la kemia linalotoa povu kitapungukiwa, picha zifanye ukungu. Ni afadhali kuagiza ubora mmoja kwa vipande vyote, na idadi ya biti ijipange yenyewe. Programu ya FFmpeg, iliyoanzishwa na Fabrice Bellard mwaka 2000 na kutolewa bure, yatosha kukata, kusimba na kuunganisha. Ila kompyuta zote zitumie toleo lilelile na maagizo yaleyale.

Sasa tuje kwenye ugawaji wenyewe. Tuchukue mfano wa vipande 60 na kompyuta nne: tatu husimba kipande kimoja kwa dakika 5, na ya nne, ambayo ni kuukuu, kwa dakika 20. Tukigawa sawasawa, vipande 15 kila moja, zile tatu zitamaliza kwa dakika 75 na kuikalia ile kuukuu mpaka dakika ya 300. Huo ni usawa wa jina tu. Badala yake tuviweke vipande katika folda moja inayofikiwa na kompyuta zote, na kila moja ichukue kipande kimoja, ikimaliza ichukue kingine. Kazi itakwisha kwa dakika 100. Mwanafunzi mdadisi atagundua jambo la kuchekesha: zile tatu peke yake zingemaliza kwa dakika 100 vilevile, kwa kuwa kipande cha mwisho cha ile kuukuu huwachelewesha wote! Mpango wa foleni una faida nyingine pia. Umeme ukikatika katikati ya kazi, kipande ambacho hakikukamilika hurudishwa folenini, wala hatuanzi upya.

Hata hivyo, kuna kikomo alichokieleza Gene Amdahl wa Marekani mwaka 1967. Sehemu ya kazi isiyogawanyika ndiyo huamua mwisho wa kasi. Tuseme kompyuta moja husimba somo zima kwa dakika 300, na kwamba kukata, kusafirisha na kuunganisha huchukua dakika 30 ambazo haziwezi kugawanywa. Kompyuta kumi zilizo sawa zitatumia 30 na 30, yaani dakika 60. Ishirini zitatumia dakika 45. Mia moja zitatumia 33, na hata tungekuwa nazo elfu tusingeshuka chini ya 30. Anayetaka kasi zaidi baada ya hapo aache kununua mashine, auboreshe mtandao.

Zoezi: Kwa mfano huohuo, ni kompyuta ngapi zitahitajika ili kazi ikamilike kwa dakika 40? Na kwa dakika 35? Linganisha majibu hayo mawili, ukitaja dakika zilizookolewa na mashine zilizoongezwa.