Magofu ya Masultani wa Kilwa Kisiwani

Swali: Msafiri anayetoka Mocímboa da Praia kwenda kuutazama mji wa kale wa masultani wa Kilwa aanzie wapi?

Jibu: Baada ya kuvuka mto Ruvuma na kufika Kilwa Masoko, ambako hutolewa kibali cha kuyazuru magofu, msafiri huvuka mlangobahari kwa mashua hadi Kilwa Kisiwani, iliyoingizwa katika Orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 1981. Wengi huukimbilia Msikiti Mkuu, ambao ujenzi wake ulianza karne ya 11 na kupanuliwa baadaye kwa nguzo na kuba, lakini afadhali kuanza na Husuni Kubwa, kasri lililojengwa kwa mawe ya matumbawe juu ya genge na Sultani al-Hasan bin Sulaiman, ambaye msafiri wa kale Ibn Battuta alimkuta akitawala mwaka 1331. Humo mna vyumba zaidi ya 100, nyua na bwawa lenye pembe nane, ingawa ujenzi haukukamilika. Gharama yake haieleweki bila kukumbuka dhahabu ya Sofala, bandari ya kusini iliyokuwa chini ya Kilwa. Ufukweni lipo Gereza, ngome iliyojengwa upya na Waarabu wa Omani mahali pa ile ya Wareno ya mwaka 1505, na jina lake huhusishwa na neno la Kireno igreja, yaani kanisa. Makutani, kasri la karne ya 18, laweza kutazamwa mwishoni.