Hifadhi Neno Pamoja na Sentensi Yake



Baadhi yenu mnajiandaa na SAT, mtihani wa kuingilia vyuo vya Marekani, na nawaona mkikariri orodha ndefu za maneno magumu ya Kiingereza. Fahamuni kwamba tangu mwaka 2016 mtihani huo uliacha kutegemea maneno adimu. Sasa huuliza neno lina maana gani ndani ya kifungu.

Mfano ni neno "sound". Wengi wetu tunajua ni sauti. Lakini "a sound argument" ni hoja madhubuti. Aliyekariri maana moja tu atakosea, na atatoka akidhani amepata.

Basi fanyeni kama tufanyavyo katika hifdhi:

1. Chukua maneno matano kwa siku, kila moja na sentensi yake.
2. Kisia maana kwanza, ndipo ufungue kamusi.
3. Fanya muraja'a kesho yake, baada ya siku tatu, kisha baada ya wiki. Kisichorudiwa husahaulika.

Wazazi, hata msiojua Kiingereza, mwambieni mtoto awaelezee sentensi kwa Kiswahili. Akishindwa, bado hajaielewa.

Allah awafanyie wepesi. Amin.