Mfalme Asa na vidonge vya presha

Shangazi, mimi ni mama wa watoto watatu, naishi Makambako, msharika wa KKKT na mwalimu wa shule ya Jumapili. Mume wangu ana presha, mwaka wa sita huu anatumia dawa. Tangu Pasaka anasali kwenye huduma moja mpya. Mchungaji wao anafundisha kwamba Biblia isomwe kama ilivyoandikwa, hakuna kupunguza wala kuongeza. Wamesoma habari za Mfalme Asa aliyewakimbilia waganga akafa, na wiki ya tatu sasa mume wangu hajameza kidonge. Nikisema neno ananiuliza, "Kwani wewe huliamini Neno?" Kijana wangu wa kidato cha tatu naye ana yake. Shule iliwapeleka Isimila kuona zana za mawe za watu wa kale, akarudi anasema kama Mwanzo sura ya kwanza si kweli, basi kitabu chote ni hadithi, na kanisani haendi. Nikisema Biblia isichukuliwe neno kwa neno naogopa nitakuwa nimemkana Mungu. Nikisema ichukuliwe hivyo, nitamzika mume wangu. Nishike lipi?
Mama wa Watatu

Mwanangu, barua yako nimeisoma mara mbili, na nitaanza na vidonge, kwa sababu mambo ya teolojia yanaweza kulala hadi kesho, presha hailali. Mtu akiacha dawa za presha huweza kukaa wiki nzima anakula, anacheka, anapiga hesabu za dukani kama kawaida, huku presha inapanda kimyakimya. Kwa hiyo kabla ya mjadala wowote, apimwe. Usimwombe ameze; mwombe apimwe tu. Sijasikia huduma yoyote inayohesabu kufungwa ule mkanda mkononi kuwa dhambi. Na siku ukiona uso umepinda upande mmoja, maneno yanatoka yamevurugika, mkono umelegea, au kichwa kinamuuma kuliko alivyowahi kuumwa, hapo hakuna cha aya. Tafuta gari, hospitali.

Tena nakuonya jambo ambalo hukuliuliza, ila nimeandikiwa nalo mara nyingi: usimsagie vidonge kwenye uji. Siku akigundua, na atagundua, hatakuamini tena hata kwa chumvi.

Sasa twende kwa Asa. Chukua Biblia yako, ile ya Union iliyotoka mwaka 1952 inatosha, fungua 2 Nyakati sura ya 16, uisome yote, si mstari wa 12 peke yake. Mwanzoni Asa anachota fedha na dhahabu ya nyumba ya Bwana anaipeleka kwa mfalme wa Shamu amnunue awe rafiki. Mwonaji Hanani anakuja kumkemea. Asa anakasirika, anamtia gerezani, na wananchi wengine anawaonea. Ndipo miguu inamwugua, na mwandishi anaongeza kwamba hata katika ugonjwa alikwenda kwa waganga, Bwana hakumtafuta. Habari hii ni ya mtu aliyefunga mlango kwa Mungu kuanzia hazina hadi kitandani. Hakuna mahali sura hiyo inasema mgonjwa asitibiwe. Na nikitaka kuwa mkali wa "kama ilivyoandikwa" kuliko mchungaji wake, nitasema kosa lililoandikwa pale ni kutokumtafuta Bwana. Mumeo anaweza kumtafuta Bwana na kidonge kikiwa mdomoni.

Halafu kuna hilo neno "waganga". Kwa masikio ya leo mganga ni yule mwenye kibuyu na hirizi, lakini serikalini mpaka kesho daktari mkuu wa wilaya yenu anaitwa Mganga Mkuu wa Wilaya. Kwa hiyo mtu anayesoma mstari ule "kama ulivyo" ameshaamua, pengine bila kujua, ni mganga yupi anayesemwa. Kabla yake aliamua mfasiri. Kuanzia Krapf aliyeanza kuifasiri Mwanzo pale Mombasa mwaka 1844, mpaka Steere aliyetoa Agano Jipya la Kiunguja mwaka 1879, na hao wa 1952, kila mmoja amelazimika kuchagua. Katika Yohana sura ya 3 Yesu anazungumza na Nikodemo juu ya upepo na juu ya Roho, na katika Kigiriki ni neno lilelile moja. Kiswahili kimetaka mawili, mtu akakaa chini akaamua hapa upepo, hapa Roho. Sisemi walikosea. Nasema Biblia ambayo haijapitia akilini mwa mtu yeyote haipo, hata iliyo mkononi mwa mchungaji huyo.

Umenichekesha kidogo, mwanangu, ingawa jambo si la kuchekesha. Unadhani uko katikati ya watu wawili wanaopingana, baba huku na mtoto kule. Hawapingani. Wote wawili wamesimama kwenye ubao mmoja, kwamba kila sentensi ya Biblia ni kweli kwa namna ileile moja, la sivyo yote ni uongo. Baba anauruka ubao huo kuelekea kushoto, mtoto kulia. Wewe huna haja ya kuchagua upande. Huo ubao wenyewe nani aliuweka?

Si wazee wa kanisa la kwanza, na wengine walikuwa Waafrika. Origeni wa Aleksandria, Misri, karibu miaka 1,800 iliyopita, aliuliza mtu mwenye akili ataelewaje kwamba siku ya kwanza, ya pili na ya tatu zilikuwa na jioni na asubuhi ilhali jua limewekwa siku ya nne. Agostino, askofu wa Hippo katika nchi tunayoiita leo Algeria, aliandika vitabu kumi na viwili juu ya sura chache za mwanzo za Mwanzo, na humo aliona siku zile hazikuwa siku za kuchomoza na kuchwa kwa jua. Aliwaonya Wakristo pia: ukipayuka mambo ya nyota na ardhi usiyoyajua huku umeshika Maandiko, msikilizaji anayeyajua atakucheka, na ukifika kwenye ufufuko hatakusikiliza tena. Hawa hawakuandika kwa sababu ya Isimila wala kwa kumwogopa mwalimu wa biolojia. Walikuwa wakisoma tu, polepole. Mpe kijana sura ya 1 na ya 2 za Mwanzo na karatasi, aandike mpangilio. Katika ya kwanza wanyama wanatangulia, kisha mtu, mume na mke. Katika ya pili mwanamume anatangulia, wanyama wanafuata, mwanamke mwisho. Aliyeziweka sura hizo ubavu kwa ubavu hakuwa kipofu. Aliona, akaziacha hivyo, maana hakuwa anaandika ripoti.

Mimi kilichonishtua kilikuwa saa. Bibi yangu alisoma Biblia kwa kidole, mstari kwa mstari, na kila akifika kwenye saa alitupa macho nje kuliangalia jua. Sisi Waswahili tuna bahati hapa: saa tatu ya Injili ni saa tatu yetu, hatuna haja ya kugeuza. Basi Ijumaa Kuu moja nikamsomea Marko 15, Yesu anasulubiwa saa tatu. Kisha Yohana 19, na saa inakaribia sita, Pilato bado yuko kwenye kiti cha hukumu na Yesu amesimama mbele yake. Nikaenda kumwuliza mwalimu wa katekisimu. Alinipa fagio, nikafagia uwanja wa kanisa mpaka mwisho. Bibi nilipomwambia alifikiri kidogo, akasema, "Mmoja alikuwa anatazama saa, mwingine anatazama wana-kondoo." Sikumwelewa hata chembe. Miaka mingi baadaye ndipo nikasoma kwamba Yohana anaiweka hukumu ile siku ya maandalio ya Pasaka, siku ya kuchinja wana-kondoo. Bibi alikuwa ameishia darasa la pili.

Kwa hiyo jibu langu: iamini, lakini kwanza uliza kinachosomwa ni cha aina gani. Lugha yetu imekufundisha hili tangu utoto. Ukiambiwa samaki mkunje angali mbichi huendi sokoni. Tunasema haraka haraka haina baraka, tena tunasema ngoja ngoja huumiza matumbo, na hakuna aliyewahi kutuita waongo. Fungua Mithali 26, mstari wa 4 unakataza kumjibu mpumbavu, wa 5 unaagiza ajibiwe. Aliyekusanya hakusinzia.

Na usidanganyike kwamba yuko mtu anayeshika yote neno kwa neno. Yesu katika Mathayo 23 alikataza kumwita mtu yeyote duniani baba, nasi tuna Baba Askofu, Baba Paroko na Baba Mchungaji. Paulo aliagiza watu wasalimiane kwa busu takatifu. Jaribu hilo Jumapili ijayo uone. Alimwandikia Timotheo pia atumie mvinyo kidogo kwa ajili ya tumbo lake, na makanisa yanayojisifia neno kama lilivyo mara nyingi ndiyo hayohayo yasiyogusa hata tone. Hata Luther wako, aliyesimama juu ya Maandiko dhidi ya dunia nzima, mwaka 1522 aliuita waraka wa Yakobo waraka wa majani makavu, na humohumo ndimo tunamopata agizo la kuwapaka wagonjwa mafuta. Kila mtu anachagua. Anayekataa kwamba anachagua ndiye wa kumchunga.

Ila nisiwaonee wanaosoma neno kwa neno. Mmisri mmoja, Antoni, karibu mwaka 270, aliingia kanisani akasikia likisomwa lile la kuuza ulicho nacho uwape maskini. Alitoka akagawa mashamba aliyorithi. Angekuwa mmoja wetu, angeambiwa hiyo ni lugha ya picha. (Sisi tuna bidii ya ajabu ya kuona picha kwenye aya zinazogusa mfuko.) Lakini tazama: aligawa vyake, na dada yake mdogo hakumtupa, alihakikisha ana pa kulelewa. Yule George Hensley wa Marekani, aliyesoma Marko 16 akaanza kushika nyoka kanisani, aling'atwa akafa mwaka 1955. Simsifu. Ila nyoka alimshika kwa mkono wake mwenyewe.

Mwangalie yule mwingine basi, aliyempandisha Yesu juu ya kinara cha hekalu. Alikuwa na aya mkononi, Zaburi ya 91. Alitaka ifuatwe kama ilivyo: ruka, malaika watakudaka. Wa kuruka hakuwa yeye. Hicho ndicho kipimo ninachokitumia nikiambiwa "Neno linasema": nani ameichagua aya hii, na ikienda vibaya nani atalipa? Mwaka 2023 kule Shakahola, Kaunti ya Kilifi, miili zaidi ya 400 ilifukuliwa msituni, ya watu walioambiwa wafunge kula wakakutane na Yesu, watoto wakiwemo. Mhubiri anayetajwa alifikishwa mahakamani akiwa hai, na mashtaka aliyakana. Sisemi mchungaji wa mumeo ni mtu wa namna hiyo. Huenda anaamini kila neno analosema. Lakini kiharusi kikija hakitakwenda kwake, kitakuja nyumbani kwako, na ada ya kidato cha nne utaitafuta wewe.

Namna ya kumwendea mumeo. Usimpige kwa aya mezani mbele ya watoto. Mwanaume akishindwa mbele ya mwanawe atashikilia kosa lake kama ngao. Mtafute kaka yake mkubwa, au mshenga wenu kama yu hai, mtu anayemheshimu. Aje jioni, wasome pamoja sura yote ya Asa, kisha Isaya 38, Hezekia anaumwa, anaomba, Mungu anamwahidi miaka kumi na mitano zaidi, na bado Isaya anaagiza mkate wa tini ubandikwe kwenye jipu. Kisha ule mwisho wa 2 Timotheo, Paulo, ambaye leso zake ziliponya watu, anasema amemwacha Trofimo Mileto akiwa mgonjwa. Hakusema Trofimo hana imani. Na Luka aliyekuwa akisafiri naye ni tabibu. Baada ya hapo mkubwa huyo amwulize mumeo swali moja, bila ukali: je, mchungaji mwenyewe anavaa miwani?

Mchungaji wako wa usharika mshirikishe, lakini asitangulie yeye, isije ikaonekana makanisa mawili yanagombea muumini.

Kijana usimlazimishe kanisani mwezi huu. Mwambie swali lake lilishaulizwa na askofu wa Afrika kabla ya shule yake kujengwa, na kwamba mama yake halijui jibu lote. Kisha muombe akusaidie kazi: yeye ndiye ampeleke baba yake kituo cha afya. Baba hatamkatalia mtoto anayeogopa.

Wakirudi, niandikie. Usinieleze walichobishana njiani. Niandikie zile namba mbili, ya juu na ya chini.